Samaki Mwenye Pezi

Gunvor alimwambia bintiye huku amempa mgongo, akifuta meza ambayo ilikwisha kufutwa.

"Leo uende naye ziwani. Umtazame vizuri. Mkirudi uniambie kitu kimoja tu: baba yako anaona au haoni."

Disa alikuwa mlangoni, buti moja mguuni, nyingine mkononi. "Kwa nini usimuulize mwenyewe, mama?"

"Nimemuuliza. Anasema anaona mpaka Mariestad, ng'ambo ya ziwa." Gunvor alikamua kitambaa ingawa hakikuwa na maji. "Jumapili aliliamkia koti langu lililotundikwa ukumbini. Nilinyamaza. Sasa barafu imeondoka na mtu hakamatiki. Basi wewe ndiye utakayeniambia. Ukisema anaona, sitafungua mdomo tena. Ukisema haoni, ufunguo wa boti unakuja hapa," akapiga mfuko wa aproni yake, "na boti inapandishwa nchi kavu, apewe mwenye kuitaka."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine? Mimi nikisema, ni mke anayenung'unika. Wewe hujawahi kumwambia uongo."

Disa akavaa buti ya pili. Angeambiwa aibebe boti mgongoni kutoka bandarini asingeona tabu kama hiyo. Maneno yalikuwa yakimshinda tangu utotoni. Huko Lidköping alikooka mikate, wenzake walipanga zamu ya kuuza dukani, yeye akaomba abaki nyuma kwenye tanuri, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kuamka alfajiri walimwachia. Alichukua chupa ya kahawa na mfuko wa mikate ya mdalasini, akateremka bandarini mbio mbio, kama mtu anayekimbia jibu lake mwenyewe.

Baba yake, Evert, alikuwa gatini tangu kulipopambazuka. Majira yote ya baridi alizunguka ndani ya nyumba, dirisha hili, dirisha lile, akisikiliza barafu ikilia kule ziwani. Ilipovunjika wiki ile hakulala vizuri tena. Sasa alikuwa anatembea juu ya mbao za gati, huku na huku, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi, ufunguo wa boti ukining'inia kidoleni pamoja na boya lake dogo la gome, lililofungwa ili ufunguo ukianguka majini uelee.

"Umechelewa," alisema. "Samaki wamekwisha kunywa chai."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Panda, panda. Ukae kushoto."

Kwenye boti ya jirani, Börje alikuwa anapangua mishipi iliyosokotana. Alikuwa mtu wa mashavu mekundu, mdomo haumtulii. "Evert," akasema, "naona leo umeleta macho ya akiba."

Disa aliinamisha uso. Kumbe bandari nzima ilikuwa inajua.

"Nimeleta mtu wa kunibebea samaki," Evert akajibu. "Wewe umeleta nani? Au mkeo bado anakubebea visingizio?"

Börje alicheka, lakini si sana. Kati ya wawili hao kulikuwa na jambo. Miaka michache nyuma Börje alirudi na samoni mkubwa, akamlaza kwenye meza ya kupasulia samaki mbele ya watu, kifua mbele. Evert akapitisha kidole gumba mgongoni mwa yule samaki, karibu na mkia, akalikuta lile pezi dogo la nyama likiwa zima. Samaki wanaofugwa kwenye mabwawa hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo kabla ya kuachiwa ziwani, na hao ndio wa kula. Mwenye pezi amezaliwa mtoni mwenyewe, wa aina yake wamebaki wachache, naye hauawi. Börje alisema hakuona. Evert akamwambia mbele ya wote, "Nani alikwambia uone? Gusa. Gumba umepewa la nini?" Kiangazi chote Börje aliitwa Bila Gumba, hata na watoto wa chekechea.

Injini ikakohoa, ikashika. Evert aliitoa boti bandarini bila kugusa kitu, akapita katikati ya mabaki ya barafu yaliyokuwa yakigongana kwenye matete kama vyombo kabatini. Anaona, Disa akajiambia, na moyo ukamtua. Halafu baba yake akamimina kahawa, akiwa ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Moyo ukapanda tena.

Walishusha mishipi. Vibao viwili vilivuta mishipi ya pembeni mbali na boti, kila kimoja upande wake, na fimbo za kuvulia zikasimama nyuma zikitetemeka. Evert hakuketi. Alishika usukani, akauacha, akarudi nyuma kugusa fimbo, akarudi mbele. Alibadilisha chambo cha shaba kwa cha buluu, cha buluu kwa cha kijani, akifunga mafundo kwa vidole na midomo, macho yake yakitazama upeo wa maji.

"Kina kinasemaje?" aliuliza.

Kipimo kilikuwa mbele ya pua yake. "Mita kumi na nne, baba."

"Vizuri. Nilitaka kujua kama uko macho."

Anaona. Haoni. Disa aliketi, akasimama, akaketi upande wa pili, akakaripiwa arudi kushoto. Alivua glavu, akazivaa. Upepo wa magharibi ulikuwa unakuja na mawimbi mafupi yenye hasira, na mlima wa Kinnekulle ulikaa nyuma yao na theluji chafu kwenye mabega. Kila baba yake alipofanya jambo sawasawa, binti alilihifadhi ili akalitoe kwa mama. Kila alipokosea, alitafuta njia ya kulisamehe. Ni baridi. Ni mawimbi. Hata mimi ningekosea.

Walipokaribia mwamba wa Gåsagrund, Evert alinyoosha mkono.

"Mti wetu ule pale," alisema. "Unaupita kwa mkono wa kulia, usiukaribie. Chini pale kuna jiwe lililokula injini mbili za babu yako."

Disa akatazama. Maji matupu. Ule mti wa chuma uliosimikwa kuonyesha mwamba haukuwepo. Barafu ilikuwa imeukata na kuondoka nao. Lakini mkono wa baba yake ulikuwa umenyooka pale pale mti ulipokuwa siku zote, na boti ikapita mahali pale pale panapopitwa siku zote, salama.

"Si unauona?" Evert akauliza.

"Naam, baba."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Akageuka upande wa vibao, masikio yakiwaka moto. Hujawahi kumwambia uongo, mama alisema.

Boti ya Börje ilipita kwa mbali. Börje aliinua mkono, akaushikilia juu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Evert hakuinua wake.

"Ni Börje, anakuamkia," Disa akasema.

"Namwona. Simjibu tu."

Kahawa ikapoa. Evert akageuza boti bila sababu, akarudi walikotoka, akageuza tena. "Wako hapa," alisema. "Nawasikia kwenye nyayo." Akapiga nyayo sakafuni kama mtoto anayesubiri kuruhusiwa atoke.

Kisha kibao cha kushoto kikarudi nyuma ghafla, kikazama, na fimbo ikajikunja hadi ncha ikagusa maji.

Hapo Evert akawa mtu mwingine. Mahangaiko yote yalimtoka. Alifika kwenye fimbo kabla ya Disa, akaichomoa, akajiegemeza kwenye ukingo, akamwachia samaki mshipi. Hilo halikuhitaji macho. Samaki akikimbia, alimpa. Akichoka, alichukua. "Punguza injini. Hivyo hivyo. Vuta mishipi mingine ndani, asije akaifunga mafundo. Usiniangalie mimi, fanya kazi." Samaki akaruka mara moja nyuma ya boti, mrefu, mweupe, akaanguka ubavu kwa kishindo.

"Samoni," Evert akasema.

"Samoni, baba. Mkubwa kweli."

"Hebu nyamaza, atasikia atajivuna."

Disa akauchukua wavu wa mpini. Samaki alikuja ubavuni, akaiona boti, akaondoka tena. Akarudi. Mara ya tatu alikuja amelala ubavu, mdomo wazi, Disa akaupitisha wavu chini yake na kuushikilia ndani ya maji, kama alivyofundishwa. Kwanza gumba, furaha baadaye. Hayo baba yake alimwambia akiwa mtoto wa miaka saba, naye alimwambia kila aliyewahi kukanyaga boti ile. Maji yanadanganya, mwanga unadanganya. Usitazame, gusa.

Samaki aligeuka ndani ya wavu, na Disa akaliona. Pezi dogo la nyama, zima, limesimama karibu na mkia kama ncha ya ulimi.

Alifungua mdomo ili aseme. Ndipo wazo likamjia, la haraka na la baridi: ngoja. Hapa ndipo utakapojua. Akifika mwenyewe kwenye pezi, basi anaona, na habari imekwisha. Akaufunga mdomo.

Evert aliinama juu ya ukingo. Alikuwa anahema. Alijua anatazamwa. Disa aliliona hilo kwenye shingo yake, jinsi alivyoikaza. Mkono wake wa kulia ulianza kushuka kwenye maji, gumba limetangulia, kama siku zote. Kisha ukasimama njiani. Badala ya kugusa, akainamisha kichwa na kutazama. Alitazama kwa muda unaofaa, kama atazamavyo mtu mwenye macho mazima.

"Amekatwa," alisema. "Mlete ndani."

Disa hakusogea.

"Mlete, mwanangu, atachanika."

Alimwinua. Hata wakati ule alikuwa bado na nafasi ya kusema. Rungu lilikuwa kwenye kishikio chake, mkono wa baba ukalifikia bila kupapasa, na pigo likaja mara moja, zito, mahali panapotakiwa. Samaki akatetemeka mwili mzima, akanyooka.

"Haya," Evert akasema huku akicheka kwa pumzi. "Haya, mwambie mama yako baba yake Disa amezeeka. Mwambie." Akapiga goti, akaingiza vidole mdomoni mwa samaki kutoa ndoana, na mkono wake mwingine ukamshika samaki mgongoni ili asiteleze. Gumba likapita pale lilipozoea kupita.

Likasimama. Likarudi. Likapita tena.

Injini ilikuwa inanguruma chini chini. Mawimbi yalipiga ubavu wa boti, moja, jingine, na boti ikaanza kugeuka yenyewe kwa upepo.

"Wewe uliliona pezi," Evert alisema. Hakuinua uso.

"Nililiona."

"Tangu majini."

"Tangu majini, baba."

"Ukanyamaza."

Disa aliulaza wavu sakafuni. "Nilitaka kujua kama utaona."

Evert alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. "Mama yako ndiye aliyekutuma."

"Ndiyo."

"Na mti wa Gåsagrund?"

"Haupo. Barafu imeuchukua."

"Nawe ukasema naam."

"Nilisema naam."

Alibaki amepiga goti, mkono juu ya samaki. Disa alitamani agombe. Baba yake alikuwa mtu wa kugomba, alishawahi kugombana hata na nanga. Lakini alikuwa anampapasa samaki tu, kutoka kichwani hadi mkiani, akimpima kwa viganja.

"Mimi nimemuua," alisema mwishowe. "Nawe umemuua. Kila mtu kwa lake. Nilikuwa nimekwisha kushusha mkono, unajua? Nikasema hapana, huyu mtoto ananitazama, leo nitatumia macho." Akacheka kidogo, bila sauti. "Mwaka mzima sijatumia macho kwa samaki, na nimekosea siku hii moja niliyoyatumia."

"Baba."

"Shika mkia. Anarudi majini. Hai, maiti, mwenye pezi anarudi."

Walimshusha pamoja. Hakuna aliyemtupa. Waliachia kwa wakati mmoja, na samaki akaelea kando ya boti, tumbo juu, mweupe kama shati lililoanguka kwenye kamba. Evert alinawa mikono ziwani, akanyanyuka, akasogea kwenye usukani na kuongeza mwendo. Walikwenda kidogo. Alikuwa amekaza macho mbele, kwenye kitu chochote kilichokuwepo mbele ya macho yake.

"Amezama?" akauliza.

Disa aligeuka nyuma. Samaki hakuwa amezama. Alikuwa anapanda na kushuka na mawimbi, anang'aa, utadhani anawafuata. Lilikuwa jambo dogo kusema ndiyo. Neno moja, na mzee wa watu angeondoka akiamini samaki wake yuko chini kwenye giza, mahali pa heshima. Alilisikia neno hilo likija lenyewe kama lilivyokuja lile la asubuhi. Akaling'ata.

"Bado," alisema. "Anaelea, tumbo juu. Shakwe wawili wamekwisha kumfikia."

"Watatu," akasema Evert. "Nawasikia."

Akapunguza injini. Akasimama pale kwa muda, boti ikiyumba, huku nyuma yao kelele za ndege zikiongezeka. Kisha akauacha usukani, safari hii moja kwa moja, akapita mbele ya binti yake akishika ukingo kwa mkono mmoja, akaenda kuketi kushoto. Disa hakukumbuka kama aliwahi kumwona ameketi pale.

"Nenda," Evert alisema. "Unangoja nini? Nipeleke nyumbani."

"Mwamba sijui ulipo, baba. Mti haupo."

"Mti ni wa wageni. Tazama bara. Mnara wa kanisa unauona?"

"Nauona."

"Na ghala jekundu la akina Palmkvist, chini yake?"

"Nalo naliona. Limepakwa rangi upya."

"Rangi gani?"

"Nyekundu ile ile."

"Basi ya nini kuniambia. Uweke mnara juu ya ghala, uusimamishe hapo kama kofia juu ya kichwa. Mnara ukianza kuvuka kulia, uko kwenye jiwe. Sasa uko wapi?"

"Mnara umeanza kuvuka."

"Basi geuza, mwanangu, unangoja barua?"

Aligeuza. Mnara ukarudi juu ya ghala. Baba yake aliuliza tena, naye akajibu, na hivyo ndivyo walivyorudi, mmoja akiuliza na mwingine akisema kilichopo, na kila Disa alipochelewa kusema, Evert alipiga nyayo sakafuni. Hakukaa kwa utulivu hata mara moja. Alikunja mishipi, akaikunjua. Alisema Disa amegeuza mapema mno, kisha akasema amechelewa. Disa hakuwahi kuongea mfululizo namna ile maishani mwake. Alipoona matete alikuwa na koo kavu.

Börje alikuwa amerudi kabla yao. Aliona ni nani aliyeshika usukani, akaweka chini kisu chake na kuja kupokea kamba.

"Mmepata?"

"Tulipata mmoja," Evert alisema kutoka kushoto, kwa sauti ya kutosha bandari nzima. "Samoni. Mwenye pezi. Nimemuua."

Watu wawili waliokuwa kwenye meza ya kupasulia samaki waliacha kupasua. Börje alishika kamba bila kuifunga. Disa alimtazama mashavu, akingojea kicheko kilichokuwa kimewekwa akiba miaka ile yote.

"Alikuwa mkubwa?" Börje akauliza.

"Mkubwa."

"Hukugusa." Börje akainama na kufunga kamba polepole. "Basi sasa tuko wawili tusio na gumba."

"Wewe utabaki wa kwanza. Cheo chako sikigusi."

"Asante, mzee." Akampa mkono kumtoa botini, na Evert, baada ya kuutafuta kidogo hewani, akaupokea.

Gunvor alikuwa anakuja, koti juu ya aproni, anatembea haraka kwenye mbao zenye utelezi. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Disa, aliyekuwa bado ndani ya boti, injini imezimwa, ufunguo mkononi.

"Haya?" alisema.

Evert alisimama kati yao, uso umeelekezwa ziwani. Kule nje, mbali, shakwe walikuwa bado wanalia.

"Haoni, mama," Disa akasema.

"Asante, nimesikia," alisema Evert. "Sijawa kiziwi."

Gunvor alifumba macho kidogo, akayafumbua. Akanyoosha kiganja. "Basi nipe huo."

Disa aliutazama ufunguo, na lile boya dogo la gome lililochakaa kwa gumba la baba yake. Mama alikuwa anangoja. Börje alikuwa anafunga kamba ambayo ilikwisha kufungwa.

"Kesho upepo unageukia kusini," Evert aliliambia ziwa. "Samaki watakuwa juu, karibu na matete. Saa kumi na moja, si baadaye."

"Evert, nyamaza," akasema Gunvor.

"Mimi nasema upepo tu. Siendeshi mimi."

Disa alishuka gatini. Miguu yake ilikuwa haijazoea bado mbao zisizoyumba. "Kesho nina tanuri mpaka saa tatu," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Nitakuja saa nne. Bila mimi haendi. Na nitakachoona nitakisema."

"Saa nne samaki wamelala," akasema Evert.

"Basi tutawaamsha."

Akautia ufunguo mfukoni mwake. Boya lilivimbisha mfuko, akaweka mkono juu yake. Mama bado alikuwa amenyoosha kiganja, na hakuna aliyeweka kitu ndani yake, hivyo mwishowe alikigeuza na kumshika mumewe mkono, kwa nguvu, kama mtu anayekamata.

"Twende," alimwambia. "Kuna supu. Na hapo mbele kuna ngazi."

"Najua kuna ngazi," Evert alisema, na kwa hasira akatanguliza mguu.